Kikao na Mwenye Kikao

Katika mwaka wa 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walidhihirisha mfumo ulioitwa CTSS, ambao kwa huo kompyuta moja kubwa, iliyokuwa hapo awali ikimtumikia mtu mmoja mmoja kwa zamu, iliweza kugawa wakati wake baina ya watu kadhaa waliokaa mbele ya mashine za kuandikia zilizounganishwa nayo kwa waya. Kompyuta iliyotumikiwa na wengi kwa wakati mmoja ililazimika kuuliza swali ambalo zamani haikuwa na haja nalo: wewe ni nani? Jibu lilitafutwa katika neno la siri, na neno la siri likapata sifa kubwa, hata mtu asiyejua lolote juu ya mambo haya anajua leo kwamba neno lake la siri ni amana asiyopaswa kumpa mwingine. Lakini lipo swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la kwanza, nalo halikubahatika kupata sifa hiyo: je, bado upo, umekaa mbele ya skrini ipi, na utakapoondoka ni nini kitakachobaki nyuma yako? Kuuliza swali hili, tena kuliuliza daima wala si mara moja tu mlangoni, ndiyo kazi ya usimamizi wa vikao, na nataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyotendwa katika kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux, hasa zile za mezani na mpakato ambazo mtumiaji hufanya kazi yake kwa madirisha na picha.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ilirithi desturi zake kutoka Unix, mfumo uliobuniwa katika maabara za Bell na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao kuanzia mwaka 1969. Katika Unix ya kale swali la pili lilijibiwa na waya wenyewe. Kila mtumiaji alikaa mbele ya mashine yake, kila mashine ilikuwa na waya wake, na katika kila waya ilingoja programu moja ndogo yenye subira, ikisikiliza kama yuko aliyefika. Alipofika ilimwuliza jina, ikamkabidhi kwa programu nyingine iliyohakikisha neno lake la siri, naye akaanza kazi. Waya ulipokatika, kiini cha mfumo kilizipelekea programu za mtu yule ishara ya kwamba mwenyewe amekwenda zake, nazo kwa kawaida zikafa. Daftari la waliomo lilikuwapo tangu toleo la kwanza la mwaka 1971, likiandikwa katika faili iitwayo utmp, na mtu aliyetaka kujua ni nani waliopo aliandika amri ya who akaletewa orodha. Ulikuwa utaratibu mnyofu, na ulitosha, maadamu kuwa na waya na kuwapo kulikuwa jambo moja.

Kompyuta ya mezani iliuvunja umoja huo. Hapa skrini ni moja na kibodi ni moja, lakini Linux huweza kuzigawa baina ya vikao kadhaa, hata watu wawili wakawa wameingia pamoja, mmoja akionekana mbele na mwingine akiwa nyuma ya pazia, na kubadilishana kwao kukawa ni suala la kubonyeza vitufe vitatu tu. Fauka ya hayo, mtu wa tatu aweza kuwa ameingia kwa njia ya mtandao kutoka mji mwingine, naye mbele ya mfumo ni mtumiaji halali kama wale wawili. Tena kompyuta hii ina viungo ambavyo mashine za kuandikia za mwaka 1971 hazikuwa navyo: maikrofoni inayosikia, kamera inayoona, spika zinazosema, na tundu la kuchomekea flashi. Viungo hivyo ni vya nani? Je, ni vya kila aliye na neno la siri, au ni vya yule aliyekaa mbele yake wakati huo?

Kwa miaka mingi Linux ilijibu kwamba ni vya kila aliyeandikwa katika kundi. Msimamizi wa kompyuta alikuwa na makundi ya watumiaji, mojawapo likiitwa audio, jingine video, na mtu aliyetiwa katika makundi hayo aliruhusiwa kutumia kadi ya sauti na kamera. Kanuni hii yaonekana kuwa ya insafu mpaka mtu aitazame kwa makini. Tuseme Asha na Juma wanatumia kompyuta moja katika maktaba ya shule, nao wote wawili wametiwa katika kundi la sauti. Asha amekwenda kwao likizo, na kutoka huko ameingia katika kompyuta ile kwa mtandao ili asome faili zake; Juma, ambaye hana habari, amekaa mbele yake akizungumza na rafikiye. Hakuna kitu chochote katika mfumo kinachomzuia Asha kuifungua maikrofoni na kuyasikiliza mazungumzo yale, wala hahitaji kuvunja kufuli yoyote, kwa kuwa kompyuta yenyewe imemwidhinisha. Ruhusa ya kundi haina mwisho wala mahali. Ni kama ufunguo aliobaki nao mpangaji aliyekwisha kuhama nyumba. Siku zile wasimamizi wengi waliwatia watumiaji wote katika makundi hayo pasipo kufikiri, kwa sababu asiyetiwa alilalamika kwamba muziki hausikiki, na hivyo faragha ya watu iliuzwa kwa bei ya wimbo.

Watu wa kampuni ya Red Hat walijaribu dawa ya mapema. Walitengeneza kipande cha programu kilichomkabidhi mtu anayeingia kwenye skrini ya kompyuta yenyewe umiliki wa vifaa vile, kisha kikamnyang'anya alipotoka. Nia ilikuwa njema, na ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata; lakini kipande kile kilidhani kwamba mbele ya skrini huwa kuna mtu mmoja tu, na walipoingia wawili wakawa wanabadilishana, wa kwanza kufika ndiye aliyeshika kila kitu. Ndipo mwaka 2007 William Jon McCann alipoleta ConsoleKit, programu ya kwanza kulitamka wazi wazo la kikao kama kitu kinachojitegemea: kina mwenyewe, kina kiti chake, kina mwanzo na mwisho, na kwa wakati wowote ama ki hai mbele ya skrini ama kimesimama kando. Nakiona kitendo hicho kuwa kikubwa kuliko programu yenyewe ilivyokuwa. Udhaifu wake ulikuwa katika namna ya kutambua ni programu ipi iliyo ya kikao kipi: kila kikao kilipewa namba ya siri iliyorithishwa kutoka programu mzazi kwenda kwa mtoto, na programu yoyote iliyoitupa namba ile, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, ilipotea katika hesabu.

Dawa ya udhaifu huo ilitoka katika kiini cha Linux. Wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza mwaka 2006 kutengeneza njia ya kuzifunga programu katika mafungu, na njia hiyo ikaingizwa katika kiini toleo la 2.6.24, mwanzoni mwa mwaka 2008. Programu iliyozaliwa ndani ya fungu hubaki ndani ya fungu, na watoto wake, na wajukuu wake, wala haiwezi kutoroka kwa kubadili jina au kumkana mzazi. Lennart Poettering na Kay Sievers walipoanzisha systemd mwaka 2010, programu inayoianzisha kompyuta na kusimamia huduma zake, waliijenga juu ya mafungu hayo, na mwaka uliofuata ndani yake ikatokea systemd-logind, ambayo leo ndiyo inayosimamia vikao katika kompyuta nyingi za Linux.

Ni vyema tumfuate mtumiaji mmoja tangu anapoiwasha kompyuta yake, na tuchukue kompyuta yenye eneokazi la GNOME, ambalo ni la kawaida. Skrini ya mapokezi inayoonyesha majina ya watumiaji haitokei hewani. Nayo ni kikao, chenye mtumiaji wake maalumu, aliyenyimwa karibu mamlaka yote, kwa maana programu inayoonwa na kila mpita njia haistahili kuwa na nguvu za bwana. Mtumiaji anachagua jina lake na kuandika neno lake la siri. Neno hilo linapelekwa kwa PAM, mpango uliopendekezwa na wahandisi wa Sun Microsystems mwaka 1995, ambao huigawa kazi ya kumpokea mtu katika sehemu nne: kuthibitisha kwamba ndiye, kuangalia kama akaunti yake ingali na ruhusa saa hiyo, kubadili neno la siri inapolazimu, na kufungua kikao. Sehemu ya mwisho ndiyo inayotuhusu. Hapo PAM huipigia logind hodi na kusema kwamba fulani amekubaliwa, yuko katika kiti hiki na skrini hii. Nayo logind humwandika, humpa namba ya kikao, humfungulia fungu lake katika kiini, na kumtengenezea saraka ya muda ndani ya /run/user, yenye jina la namba yake, ambayo kwa mtumiaji wa kwanza aghalabu ni 1000. Saraka hii hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta wala si katika diski, hakuna mtumiaji mwenzake awezaye kuitazama, na kikao chake cha mwisho kinapofungwa hufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Katika hatua hizo hizo neno la siri lililoandikwa mara moja hutumika kulifungua sanduku la funguo zake nyingine, za barua pepe na za mitandao, ili asihitaji kuulizwa tena na tena. Baada ya hayo yote ndipo mandhari ya GNOME inapotokea, na mtumiaji, ambaye ameona duara likizunguka kwa muda mfupi, hudhani kwamba hakuna kilichotendeka ila kufunguliwa mlango.

Sasa turudi kwa Asha na Juma. Katika utaratibu mpya hakuna aliye katika kundi la sauti. Juma anapokuwa mbele ya skrini, jina lake huongezwa katika ruhusa za kadi ya sauti, za kamera na za vifaa vingine vya mahali pale; akibadilishana na mtu mwingine, jina lake huondolewa na la mwenzake likaingia. Asha, aliyeingia kwa mtandao, hana kiti, na asiye na kiti hana haki juu ya maikrofoni. Ruhusa imefungamana na kuwapo. Sharti niseme kwamba kuliondoa jina katika ruhusa hakumzuii aliyekwisha kukifungua kifaa kabla hajaondolewa, na kwa hiyo watengenezaji waliongeza ulinzi mahali penye hatari zaidi. Programu inayochora madirisha haifungui kibodi na kadi ya picha kwa mkono wake. Huomba kwa logind, na logind ndiyo inayoifungulia. Kikao kikipoteza nafasi ya mbele, logind hubatilisha kilichokopeshwa, hata programu iliyobaki nyuma, kama ingetaka kunakili kila herufi inayoandikwa na mtu aliyekaa sasa, haisikii kitu. Uwezo huo wa kubatilisha uliingia katika kiini cha Linux mwaka 2013. Na kwa kuwa vifaa sasa vilifunguliwa na mwingine, programu kongwe ya madirisha, X, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haina budi kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, tangu toleo la 1.16 la mwaka 2014 iliweza kuendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji wa kawaida tu. Faida hiyo haikutangazwa kwa ngoma, lakini waliokuwa wakihofia usalama wa kompyuta zao walijua uzito wake.

Neno kiti nililolitumia lina maana pana kuliko inavyodhaniwa. Kiti ni mkusanyiko wa vifaa vya mtu mmoja, yaani skrini, kibodi, kipanya na pengine spika, na kompyuta moja yaweza kuwa na viti zaidi ya kimoja. Huko Brazil, kituo cha C3SL cha Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Paraná kilitengeneza, kabla ya logind kuzaliwa, kompyuta za shule za serikali zilizohudumia wanafunzi wanne kwa pamoja, kila mmoja na skrini yake na kibodi yake, kwa kasha moja tu la kompyuta. Shule nyingi za Afrika Mashariki zinazohangaika kupata kompyuta zingefaa kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa siku hizi logind imeliweka ndani ya utaratibu wake wa kawaida: msimamizi huambatisha kadi ya pili ya picha na vifaa vyake katika kiti cha pili kwa amri chache, na skrini ya mapokezi ikatokea hapo pia.

Kwa jambo la kufunga skrini, logind haifungi kitu kwa mkono wake. Hutuma ishara tu, na eneokazi ndilo linaloficha madirisha na kudai neno la siri. Katika mfumo wa X mficha skrini alikuwa programu kama programu nyingine, na programu yaweza kufa. Mnamo Januari 2021 watumiaji wa Linux Mint walipata habari iliyowashtua: watoto wa mtumiaji mmoja, wakichezea kibodi halisi na ile iliyochorwa katika skrini, waliiangusha programu iliyofunga skrini ya baba yao, na eneokazi lote likabaki wazi. Kosa lenyewe lilirekebishwa upesi, ila chimbuko lake lilikuwa kwamba kufa kwa mlinzi kulikuwa sawa na kufunguliwa kwa mlango. Katika Wayland, mfumo mpya wa madirisha ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, uko utaratibu ambao kwa huo mlinzi akifa skrini hubaki imefungwa, hata kama haionyeshi chochote, na naamini hiyo ndiyo adili ya jambo hili, kwamba kushindwa kuegemee upande wa siri. Halikadhalika, mtu anapoukunja mfuniko wa kompyuta mpakato, logind hutangaza kwamba usingizi unakuja na kungoja kidogo, kwa kawaida isizidi sekunde 5, ili skrini ipate kufungwa kabla ya kulala, asije aliyeiamsha akayaona kwa nukta moja yale yaliyoachwa.

Kwa kuwa inawajua waliomo, logind huweza pia kutoa hukumu ambazo neno la siri peke yake lisingeweza. Mtumiaji wa kawaida aliyekaa mbele ya skrini huruhusiwa kuizima kompyuta pasipo kuulizwa lolote. Lakini mtumiaji mwingine akiwa bado ameingia, yule wa kwanza hutakiwa kuleta idhini ya msimamizi, maana kuizima ni kuiharibu kazi ya asiyeonekana.

Si wote walioridhika. Eneokazi la GNOME lilipoanza kuitegemea logind, na logind ikiwa sehemu ya systemd, wale waliopenda kuianzisha kompyuta yao kwa njia nyingine walijiona wanashurutishwa, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyotia moto mjadala mkali wa Debian, jumuiya inayotengeneza mojawapo ya matoleo ya Linux, uliofikia uamuzi Februari 2014 kwa kamati yake ya kiufundi kuichagua systemd, na baadaye wasioridhika wakajitenga na kuunda toleo lao, Devuan. Mwaka 2015 Andy Wingo, akifanya kazi kwa ajili ya mfumo wa Guix, aliitoa logind ndani ya systemd ikasimama peke yake kwa jina la elogind. Malalamiko ya watu wale yalikuwa na haki ndani yake, lakini hata wao hawakurudi kwenye makundi ya zamani; walichokataa ni nyumba, si kazi inayofanywa ndani yake.

Ugomvi ulionigusa zaidi ni ule wa Mei 2016. Toleo la 230 la systemd lilitoka likiwa na kanuni mpya: kikao kikifungwa, kila programu iliyobaki ndani ya fungu lake iuawe. Kilio kilikuwa kikubwa. Tangu zamani watumiaji wa Unix walikuwa na desturi ya kuanzisha kazi ndefu, mathalan hesabu ya kisayansi ya siku tatu, kuiweka chini ya programu kama screen au tmux, kisha kuondoka na kurudi kesho kuikuta ikiendelea; na sasa waliambiwa kwamba desturi ile ni taksiri. Watengenezaji wa systemd nao walikuwa na hoja: katika kompyuta za vyuo zinazotumiwa na mamia, programu zilizoachwa na watu waliokwenda zao hula kumbukumbu, hushika faili, na huendelea kutenda kwa jina la mtu asiyekuwapo. Debian iliamua kuiacha kanuni hiyo bila kuiwasha, na hata leo katika Debian programu zilizobaki huachwa zikiishi mpaka msimamizi aandike vinginevyo katika faili ya logind.conf.

Mimi naona watengenezaji waliikosea namna, wala hawakuikosea maana. Ilikuwa ni dhuluma kubadili kwa usiku mmoja ahadi ambayo watu walikuwa wameitegemea kwa miaka zaidi ya 40. Bali ni haki kwamba anayetaka kazi yake iendelee akiwa hayupo aombe idhini ya jambo hilo waziwazi. Idhini hiyo ipo, nayo huombwa kwa amri ya loginctl enable-linger, ambayo kwayo mtumiaji huandikwa kuwa miongoni mwa wale ambao programu zao zaweza kuishi bila kikao, na msimamizi huweza kuwaona wote walioandikwa, na kumfuta asiyestahiki. Katika maabara ya shule au chuo, ambako leo anakaa Juma na kesho mwingine mahali pale pale, ningeiwasha kanuni ya kuua programu zilizobaki bila kusita, na ningewapa ruhusa ya kubaki wale wachache wenye hesabu za siku tatu. Katika kompyuta ya nyumbani yenye mtumiaji mmoja ningeiacha kama Debian ilivyoiacha.